Naam ya Bwana Famau

Jumatatu, 14 Julai

Kadi thelathini za picha tena. Nyumba ya tatu leo, kwa Bwana Famau. Mwezi wa nne tangu kiharusi kimpige. Mkono wa kulia umelala, mguu unaburuta.

Nyundo: naam. Kuku: naam. Kisu: naam. Zote thelathini. Neno jingine hana. Miaka zaidi ya thelathini alifundisha madrasa, nusu ya wanaume wa mtaa huu wamepitia mkononi mwake.

Halafu binti yake, Bi Khadija, akamwanzishia Yasini. Mzee akaidaka na kuisoma hadi mwisho. Mimi Mkamba wa Kitui, Mkristo, sijui Kiarabu, lakini Khadija asema hakosi hata herufi. Nikarekodi kwenye simu ya mradi wa utafiti wa usemi. Mwili ulinisisimka, sikatai.

Fomu inauliza uelewa: mzuri, wastani, hafifu. Nikatia tiki kwenye mzuri. Mtu asomaye vile ataachaje kuelewa? Isitoshe nilikuwa na njaa na bado nyumba mbili.

Jumatano, 16 Julai

Zahanati imejaa watoto wa kikohozi. Mchana akaja Athmani, mtoto wa nduguye Bwana Famau, kutoka Mkokoni. Shati limepigwa pasi, maneno laini. Anataka nakala ya fomu ya ami yake, "tupate kujua hali yake, Sista." Nikamtolea mwenyewe kwa mashine. Akanishukuru mara tatu.

Siri ya mgonjwa nilifundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Leo niliikumbuka alipokwisha kutoka mlangoni. Nikajiambia, si ni familia?

Ijumaa, 18 Julai

Zahanati tupu saa ya sala. Nimesoma kijitabu alichotutumia Daktari, mkuu wa mradi, kule Nairobi. Historia ya uchunguzi wa afasia, yaani kupotewa na lugha. Nilikiweka tangu Mei, nikidhani kitanichosha.

Mfaransa mmoja alikuwa na mgonjwa aliyebaki na silabi moja tu. Miaka na miaka hospitalini. Alipokufa ndipo daktari akafungua kichwa na kuona mahali palipoharibika, mbele upande wa kushoto. Ubongo wakautia kwenye chupa, upo hadi leo. Baadaye Mjerumani akaeleza wengine: hawa wanasema maneno tele lakini hawaelewi wanachoambiwa. Na yeye alihitaji maiti. Zamani zile hapakuwa na ndia nyingine. (Ndia, si njia. Tayari nasema kama wao.)

Kisha ukurasa mmoja ukanikata maini. Kabla ya hao wote, kule Uswidi, alikuwako mtu aliyepigwa vivyo hivyo. Ukimwanzishia, aliimba nyimbo za kanisani na kusali sala zake. Nje ya hapo alikuwa na neno moja: ndiyo. Na Mwingereza mmoja baadaye akaandika kwamba sala na matusi yaweza kubaki hata pale usemi wa kupanga umekufa. Yanatoka yenyewe. Hayathibitishi kitu.

Watu wamelijua hili kwa karne. Mimi nimetia tiki.

Jumamosi, 19 Julai

Nimerudi kwa Bwana Famau bila kadi. Nikamwambia aweke kalamu chini ya kikombe. Akanipa kikombe. Nikamwambia afumbe macho. Akanipa kikombe tena, akitabasamu kama mtu mwenye adabu kwa mgeni. Nikamuuliza kama huyu Khadija ni mama yake. Naam. Kama leo tuko Mombasa, mbali na kisiwa hiki. Naam.

Haelewi. Pengine neno moja moja, sura ya mtu, sauti ikiwa kali au pole. Sentensi haimfikii.

Khadija alikuwa amesimama na sinia la mahamri. Akaliweka chini taratibu. Alikuwa anajua, nadhani. Kukaa naye kutwa na usijue haiwezekani.

Jumapili, 20 Julai

Nilipotoka kanisani nilimkuta Khadija ananisubiri ng'ambo ya mtaa, buibui mpaka puani. Akanieleza yote tukitembea.

Nyumba wanayokaa ni yake, kwa ada ya hapa: baba humpa binti nyumba anapoolewa. Bwana Famau alitamka mbele ya watu siku ya harusi. Hakuandika. Mashahidi wawili wamekufa, wa tatu ni Athmani. Sasa Athmani amepata mnunuzi, Mzungu mwenye nyumba za wageni Ras Kitau. Keshokutwa baada ya alasiri wazee wa mtaa wataketi, na wakili atakuwapo. Wataulizwa kama mzee ana akili timamu. Athmani ana fomu yangu mfukoni. Ana na Yasini, ambayo mtaa mzima umemsikia mzee akiisoma. Kisha watamuuliza Bwana Famau kama amempa Athmani idhini ya kuuza nyumba.

Jibu lake tunalijua wote.

Nikamwambia nitakuja nieleze. Akanishika mkono. "Eleza, Sista. Lakini usimuaibishe baba mbee ya watu. Nyumba ni mawe." Nikamwahidi. Nilimaanisha, wakati ule.

Jumatatu, 21 Julai

Nimempigia Daktari simu. Nikakiri kosa la fomu. Akasema nitume sahihisho mwisho wa mwezi pamoja na fomu nyingine. Mambo ya nyumba na ndugu nisijiingize, mradi utafukuzwa kisiwani. Kisha sauti ikachangamka: rekodi ya Yasini ni nzuri mno, hajawahi kupata kama hiyo, nimrekodie na sura nyingine.

Nimekata simu. Nilitaka kuitupa baharini lakini ni ya mradi.

Nimeandika sahihisho leo hii, sahihi yangu na muhuri wa zahanati. Nimeandika: nilikosea.

Jumanne, 22 Julai

Niandike kama ilivyokuwa.

Wazee sita kwenye daka la nyumba ya Bwana Famau, juu ya viti vile vya mawe vya mlangoni. Wakili na begi lake. Athmani ameketi karibu na ami yake, anamfuta mate kwa kitambaa cheupe. Bwana Famau amevalishwa kanzu mpya na kofia. Amefurahi. Muda mrefu hajaketi na wanaume mchana. Khadija yuko ndani, nyuma ya mlango, namsikia anapumua.

Mzee mkubwa wao akamwanzishia Yasini. Bwana Famau akaichukua. Wawili kati ya wale wazee walikuwa wanafunzi wake, machozi yaliwatoka. Nikaelewa siwezi kushinda kitu hicho kwa karatasi.

Nikatoa karatasi hata hivyo. Nikaeleza. Nikawaambia habari za mtu wa Uswidi. Wakanisikiliza kwa heshima yote, hapa watu hawakukatizi. Halafu mzee mkubwa akasema, pole kabisa, "Binti yangu, Qurani haikai kwenye kichwa kilichovunjika." Wengine wakaitikia. Si watu wabaya. Hicho ndicho kipimo chao, na kwa mzee aliyeanza kupotewa na akili kwa uzee pengine kimewafaa siku nyingi. Athmani akatoa fomu ya kwanza, akanyoosha kidole kwenye tiki. "Na mwandiko si wako, Sista?"

Ni wangu.

Wakamuuliza kuhusu nyumba. Naam. Wakili akafungua kidau cha wino, kwa ajili ya dole gumba.

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Sitasema ilikuwa huruma. Ilikuwa hasira, kwa Athmani, kwa Daktari, kwa tiki yangu. Nikasimama mbele ya Bwana Famau, nikatabasamu ili anitabasamie, nikamuuliza kwa sauti ya upole ileile ya mzee mkubwa.

Bwana Famau, wewe ni mwanamke? Naam.

Bwana Famau, hawa wote ni wezi? Naam.

Bwana Famau, ulikufa mwaka jana, tukakuzika? Naam, akasema, naam, na akaitikia kwa kichwa, akiwaangalia wanafunzi wake mmoja mmoja kama anayewakaribisha.

Mtu mmoja alicheka. Kicheko kilimtoka tu, akajiziba mdomo. Bwana Famau alikisikia. Hakujua nimesema nini lakini kicheko alikijua. Uso ukamshuka. Akatafuta mkono wa mtu wa karibu, na wa karibu alikuwa Athmani, na Athmani akauondoa wake.

Wakili akafunga wino. Mzee mkubwa akasema hakuna kuuza. Tena akasema yeye mwenyewe aliisikia ahadi siku ya harusi, alikuwa nje kwenye daka hilihili, na ataitolea ushahidi kwa kadhi. Wakati wote ule alikuwa nao huo ushahidi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Jumatano, 23 Julai

Sikwenda kazini. Nimeosha nguo ambazo hazikuwa chafu.

Ijumaa, 25 Julai

Khadija amenipitia zahanati. Kadhi atawasikiliza wiki ijayo, nyumba itaandikwa jina lake. Amenishukuru kwa maneno kamili, yote yanayotakiwa, na hakunitazama.

Kisha akanieleza. Kila Alhamisi jioni wanaume walikuwa wanakuja kumbeba baba yake kwa kiti mpaka msikitini kwa kisomo cha Yasini. Hata alipougua, hawakuacha hata wiki moja. Jana alimwogesha, akamvisha, akamketisha mlangoni. Kisomo kikaanza, wao wawili wakakisikia kutoka pale mlangoni. Hakuna aliyekuja. Kwa maoni yao hawakumkosea. Mtu asiyejua kama yu hai utambebea nini?

Niliuliza kama nimwendee mzee mkubwa. Akasema, "Umesema ya kutosha, Sista." Kweli.

Jumatatu, 28 Julai

Upepo mkali, vumbi la chokaa machoni. Nyumba tatu. Ya mwisho kwa Bwana Famau.

Alikuwa kitandani, ameelekea ukutani. Khadija alimgeuza. Nikaweka kadi. Nyundo: kimya. Kuku: kimya. Sikuendelea.

Khadija akamwanzishia Yasini, aya ya kwanza, ya pili. Mzee alimwangalia binti yake akisoma. Midomo ameibana kabisa. Khadija akasoma peke yake mpaka sauti ikamwishia, akaenda jikoni.

Tukabaki wawili. Nikamuuliza kama anataka maji. Hakusema naam. Alinitazama usoni muda mrefu, kama mtu anayesubiri kuona kama nitacheka.

Nilimpa maji. Akanywa.