Sahihi Yangu na Yako

Baba,

Nimekukasirikia tangu tulipokuzika, na leo nataka tuyamalize. Najua ungesema mtoto hamnunii marehemu, na ungelisema hilo huku ukinitania na kuniita Mama, kwa sababu mlinipa jina la mama yako. Basi leo mama yako ana maneno.

Hapa Kaloleni tuko. Mama amekihamishia kiti chako dirishani na hukikalia akichambua sukuma wiki. Chuo kimefunguliwa tena baada ya mgomo, na mimi niko mwaka wa tatu wa uhandisi, bado wasichana tunahesabika kwa vidole. Hayo ndiyo mepesi.

Tuliporudi kutoka Bungoma kukuzika, msimamizi wa karakana ya reli alituletea ovaroli yako. Mama akanipa niifue. Mfukoni nilikuta kadi ya ukaguzi ya ile winchi ya kunyanyulia mizigo, iliyokatika mnyororo na kukuangushia ekseli ya behewa. Wewe ndiwe uliyenieleza kadi hizo: kila Jumatatu fundi anaijaribu winchi kwa mzigo ambao uzito wake unajulikana, anaandika alichopata, anatia sahihi. Jumatatu ya mwisho kabla ya ajali, sahihi ilikuwa yako. Tarakimu zilikuwa zile zile za Jumatatu iliyotangulia, na ya kabla yake, hadi juu kabisa ya kadi, na sahihi zote ni zako.

Baba, wewe! Wewe uliyekuwa ukinikalisha kibarazani Jumamosi na kalipa mkononi, kile chombo cha kupimia unene, nipime msumari mmoja mara tano. Siku niliyoandika tarakimu tano zinazofanana uliichana karatasi. "Umepima mara moja," ukasema, "hizi nne umezitunga." Nilikuwa na miaka kumi. Nililia, nikapima tena. Na wewe ulikuwa unatunga. Niliificha kadi ndani ya daftari langu la hesabu na sikumwambia mtu. Wenzangu walipokulilia, mimi nilikuwa na hasira iliyonikausha macho.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Maabara yetu ina mashine ya kuvuta waya hadi ukatike, ili tujue unahimili uzito gani. Kila mwaka wanafunzi wanaomaliza huwaachia wanaofuata ripoti zao, na hawa hunakili. Hakuna anayeona ni dhambi. Mashine huwashwa, waya hukatika, kila mtu hupiga makofi, kisha tarakimu zinatoka kwenye ripoti ya zamani. Mimi nikajifanya binti yako. Kabla ya kufunga waya nilitundika uzito wa kilo ishirini. Mshale wa mashine ukasoma ishirini na sita. Nikarudia, ukasoma ishirini na sita kasoro kidogo. Mashine ile inausifu waya kuliko nguvu zake, na atakayeiamini atautundikia mzigo ambao waya hauwezi kuuhimili. Niliyaandika hayo yote.

Daktari, mhadhiri wetu, alitupa sifuri kikundi kizima, watu wanne. Alisema mashine hiyo imenizidi umri na matokeo yake yanalingana na kitabu kila mwaka. Ningemwambiaje ni kwa nini yanalingana, bila kuwauza wanafunzi wote? Akatupa hadi Ijumaa saa sita mchana tulete ripoti nyingine yenye sahihi nne, la sivyo turudie mwaka.

Wawili hawakuniongelesha tena. Wa tatu ni Wafula, wa Mukuru kwa Reuben, ambaye baba yake ni kibarua kiwandani. Wafula ameshawahi kurudia mwaka, na akirudia tena anafukuzwa. Alinifuata hadi kwenye ngazi za maktaba, akakaa chini kabisa, akasema taratibu, "Nekesa, wewe uko sawa. Hata mimi niliona ule mshale. Lakini nikifukuzwa, mzee wangu atakufa. Weka sign tu, tafadhali."

Nikatia sahihi. Hata sikukaa chini. Alinishikia karatasi ukutani, nikaandika jina langu chini ya tarakimu ambazo hakuna aliyezipima. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Kisha nikaenda kula. Nilikula, Baba, na chakula kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilidhani mtu anayefanya kitu kama kile anakuwa mtu mwingine kwanza. Kumbe anabaki yule yule. Huenda Jumatatu ile behewa lilikuwa likisubiriwa, na wenzako wamesimama wakikutazama, na winchi haijawahi kukuangusha. Sijui. Laiti ungeniambia. Ungeniambia hata siku moja kwamba kupima kunachosha, kwamba watu watakuchukia, kwamba wewe mwenyewe kuna siku hukuweza. Ulinifundisha namna ya kushika kalipa, lakini namna ya kusimama mbele ya watu ninaowapenda nikakataa, hukunifundisha.

Jumatatu asubuhi nakwenda kwa Daktari. Nitamwomba aliondoe jina langu kwenye ripoti ile, nimpe yangu ya kwanza, na nimsihi ashuke nami maabara nitundike zile kilo ishirini mbele ya macho yake. Akiuliza kuhusu wenzangu, nitamwambia awaulize wenyewe. Huenda nikarudia mwaka. Huenda Wafula akaponzwa na mimi, na hapo ndipo ninapoogopa. Nimemwambia mapema, ana kwa ana. Alichukua begi lake, akaondoka.

Nakuahidi hivi: nikiwa mhandisi, au nisipokuwa, sitaandika tena nisichokiona. Na atakayejifunza kwangu nitamsimulia habari ya Ijumaa hii, ili ajue kwamba hata mwalimu wake alishindwa.

Lala salama, Baba. Kuna jambo moja hujui. Kila jioni tukisali, Mama humwombea msamaha mtu aliyeikagua ile winchi, yeyote yule, Mungu amrehemu. Hajui ni nani. Miezi yote hii nilikuwa ninanyamaza sala ikifika hapo. Jana niliitikia amina.

Binti yako,
Nekesa