Dume wa Pembe Fupi

Bishkek, 3 Desemba

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai kifua kimepoa na mama hajambo. Mimi mzima, ila moyo unawaka.

Mama kaniambia umemchinja kondoo dume wangu wa pembe fupi kwenye harusi ya kaka Ulan. Baba, nilikueleza. Yule wa pembe kubwa hupigana na kuwalinda majike. Huyu mdogo hunyemelea, na jike hupandwa na wote wawili siku ileile. Hapo vita vinahamia tumboni, na mwenye mbegu nyingi ndiye azaaye. Ndiyo maana, kizazi hadi kizazi, kondoo dume wamekuwa na korodani kubwa vile. Nimempima miaka mitatu kwa utafiti wangu wa chuoni. Mmemla na tambi.

Binti yako,
Nurzat

At-Bashy, 15 Desemba

Binti yangu,

Sisi wazima, theluji imefika magotini.

Usinifokee. Juzi mnadani Kubat kaniuliza mbele za watu, “Sagynaly, binti yako bado anapima mapumbu?” Watu wakashika mbavu. Nimefuga miaka arobaini: mwenye pembe ndiye baba. Kile kibeti kilikuwa kikipigwa kila siku. Rudi uolewe, utuondolee aibu.

Baba yako

Bishkek, 29 Desemba

Baba,

Salamu, basi. Hali sikuulizi.

Kubat alipocheka, ulicheka naye? Nijibu hilo tu. Usiponijibu, hutapata barua yangu tena.

Nurzat

At-Bashy, 2 Mei

Nurzat, mwanangu,

Salamu, hata kama hutanijibu. Mama yako mzima, ila hasemi nami. Barua nne za kukujibu nimeziandika, nikazichoma mwenyewe kabla ya kuzituma.

Majike wamezaa. Mwenzako wa chuoni, Asel, alikuja kuwatoa wanakondoo damu, ailinganishe na ya madume mliyoiweka. Nilitaka kumfukuza, mama yako akasimama mlangoni. Jana kaleta majibu: wanakondoo thelathini na mmoja, kumi na wanne ni wa yule niliyemchinja.

Leo nimekwenda mnadani. Kubat akaanza, “Haya, mpima mapumbu…” Nikamwambia, “Nenda kahesabu zizini kwako. Lile dume lako la pembe linalea watoto wa wenzake.” Hakuna aliyecheka. Nimerudi nyumbani na hasira zangu zote, na wa kumkasirikia simwoni ila mimi.

Uliniuliza neno moja. Nilicheka, mwanangu. Nilicheka kuwashinda wote.

Baba yako