Krenki Mpya ya Lori la Hoza

Lushoto, 9 Julai 1994

Dada Saumu,

Shikamoo. Huku Magamba baridi imekaza. Mama anakohoa kidogo lakini anakula, na maharage yako nimeshayavuna.

Dada, ulipokuja msibani watu walikuambia mwanao alikuwa akikimbiza lori. Nilikuwa nimekaa karibu yako, nikanyamaza. Hoza hakukimbiza gari.

Tulipoiunda upya injini ili ipande kutoka Mombo na mzigo mzito, tulikwenda pamoja Tanga kutafuta krenki, kile chuma kinachozungushwa na pistoni. Dukani tulikuta mbili. Moja ilikuwa imetumika, lakini ya kampuni iliyotengeneza lori lenyewe. Nyingine ilikuwa mpya, inang'aa, haina hata jina la mtengenezaji.

Hoza akainua ile ya zamani. "Mjomba, tuchukue hii. Hiyo nyingine hatujui imetoka wapi."

Nikamcheka. "Siku hizi biashara huria, vipya vimejaa. Unang'ang'ania mtumba wa nini?"

Mimi ndiye fundi, akanisikiliza.

Ile krenki mpya ilikatikia mlimani. Injini ikazima, breki zikaishiwa upepo, lori likarudi nyuma mpaka korongoni. Baada ya mazishi niliifungua injini mwenyewe, nikaikuta krenki vipande viwili.

Barua hii ikikufikia, nitakuwa nimeshawaeleza watu msikitini. Sikuombi unisamehe sasa. Nilitaka ujue kwamba mwanao alichagua vizuri, na mimi nikamkatalia.

Ni mimi mdogo wako,
Mbaruku