Siku Kumi na Nne za Fremu Nyeusi

Jumapili, 3 Machi

Binti yangu amerudi nyumbani saa nne asubuhi, kwa miguu, amevaa viatu vyake vya mbio vyenye vyuma chini. Nilimsikia kabla sijamwona — kwa, kwa, kwa, juu ya saruji. Jicho la kushoto limefumba. Mdomo umepasuka mahali pawili. Baiskeli hana.

Mumewe ndiye mwalimu wake wa mbio za baiskeli. Watu humwita Bwana Saa, kwa ile saa ya kupimia mbio anayoivaa shingoni hata mezani. Leo binti yangu amepanda kilima na kuchelewa kwa sekunde nne kuliko wiki iliyopita. Mume akachukua nyundo, akavunja baiskeli bomba moja baada ya jingine, huku akihesabu. Alipomaliza baiskeli akamgeukia mwenyewe.

Sekunde nne!

Nimemwosha uso kwa maji ya chumvi. Hakulia. Alisema mbio za kuchagua timu ni tarehe kumi na saba. Nikamwambia mbio zisubiri. Akaniangalia kwa jicho lile moja.

"Zisubiri nini, Baba?"

Nilitoka uani nikapiga teke ndoo. Imepasuka. Nina umri wa miaka sabini na mmoja.

Jumanne, 5 Machi

Fremu mpya aliyoiagiza binti imefika. Ameileta muuzaji, mkimbiza baiskeli wa zamani aliyeacha kwa sababu ya goti. Fremu tupu na foku yake, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, nyeusi tititi, imeviringishwa blanketi, pamoja na kifuko cha vikorokoro. Ya kaboni. Nilipoinyanyua nilidhani ananitania — kuku wa mayai ana uzito zaidi kuliko hii.

Siku za kazi nilifundisha sarufi, Jumamosi nilitengeneza baiskeli za klabu; miaka thelathini na sita. Zote za chuma. Chuma nakijua. Ukikipinda kinakuonya. Hiki kitu ukikigonga kwa sarafu kinalia kikavu, kama ukucha juu ya meza.

Muuzaji aliniambia nisiitendee kama chuma. Nilimjibu kwamba nilishika spana kabla mama yake hajaposwa. Alicheka, akainua mikono, akaenda zake.

Jumatano, 6 Machi

Alfajiri tumekuta gunia langoni. Ndani yake mabaki ya baiskeli ya zamani. Kiti kimechanwa kwa kisu, mara nyingi, kwa utulivu. Hiyo ndiyo barua ya Bwana Saa.

Mpumbavu! Magurudumu ni mazima. Gia, breki, mikono ya pedali, vyote vizima. Ametuletea nusu ya baiskeli.

Ijumaa, 8 Machi

Siku nzima kung'oa. Ekseli ya pedali ilikuwa imeganda ndani ya fremu iliyovunjika. Nilipiga kwa nyundo mpaka bega likakataa. Binti akaomba nyundo. Akapiga. Ekseli ikachomoka, ikabingirika mpaka ukutani — naye akaendelea kupiga. Alipiga fremu ile iliyokufa mpaka vipande vikaruka. Jirani yetu mshonaji aliacha cherehani yake, akachungulia juu ya ukuta.

"Mwanangu, kama imekukosea imeshatubu!"

Binti alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Mpasuko wa mdomo ukafunguka tena, damu ikamtiririka kidevuni. Hakuifuta.

Jumatatu, 11 Machi

Bwana Saa amekuja. Saa kumi alasiri, na pikipiki yake, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Sikuitikia. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kuacha shikamoo ianguke chini.

Alisema amekuja kumchukua mkewe, mambo ya ndani hayatangazwi uani. Nikamwambia atoke. Akasema kwa upole kabisa kwamba mimi ndiye nisiyepaswa kusema neno. Darasa la sita nilimchapa viboko kumi na viwili kwa kuchelewa dakika mbili. "Uliniambia muda ni heshima, Mwalimu. Nimeshika. Mbona sasa unakana somo lako?"

Kisha akanyoosha mkono kuelekea fremu nyeusi iliyokuwa imening'inia kwenye kamba.

Nilishika bomba la fremu ile aliyoivunja mwenyewe. Nilimpiga nalo mdomoni. Sauti niliisikia mpaka kwenye kiwiko. Alianguka kwa goti, akatema jino, akainuka upesi kuliko nilivyotarajia. Akanikaba. Vidole vyake viliingia chini ya taya, miguu yangu ikaanza kutafuta ardhi. Nakumbuka nilimwuma mkono. Nakumbuka ladha. Binti alitoka ndani na pampu ya chuma, akampiga nayo gotini, kisha mgongoni, kisha popote.

"Mwongeze huyo!" alipaza sauti mshonaji. "Mwongeze na la kwangu!"

Aliondoka akichechemea. Binti aliokota jino, akalitupa chooni.

Viboko vile ni kweli. Sikumbuki kama vilikuwa kumi na viwili.

Jumanne, 12 Machi

Kumeza mate ni tabu. Mwandiko huu ni aibu. Lakini kazi imekwenda.

Leo nimefunga foku. Bomba lake hupanda ndani ya kichwa cha fremu, na usukani hushikwa juu yake. Ili vyote vibanane, ndani ya bomba lazima kuwe na kitu cha kushika skrubu. Katika kopo langu nilipata nati ya nyota, ile ya meno inayogongwa ndani kwa nyundo. Nimegonga mamia.

Hii ilikataa. Nilipiga, ikakataa. Nikaona uso wake pale juu ya bomba, ile midomo, ile "shikamoo, Mwalimu" — nikapiga kwa mikono miwili. Pigo la saba ikaingia. Ilitoa mlio wa kuni kavu. Nilifurahi! Nilikaa chini nikacheka peke yangu kama mwehu.

Alhamisi, 14 Machi

Imekamilika. Cheni, breki, nyaya zote. Binti ameizungusha barabara ya tambarare kwa saa nzima. Alirudi jasho likimtoka, jicho limefunguka, chini yake kumebaki rangi ya njano. Alisema baiskeli haikimbii — inamkimbia yeye, naye anaifukuza. Sikuelewa, lakini niliipenda sentensi.

Usukani unalia kidogo anaposimama juu ya pedali. Tik. Nimekaza skrubu.

Ijumaa, 15 Machi

Bwana Saa ameegesha pikipiki ng'ambo ya barabara tangu asubuhi. Haingii. Mdomo wake umevimba upande mmoja. Simu ya binti imelia mara thelathini na moja. Ameitupa mezani, amesema hataibeba tena.

Akivuka kizingiti nitamuua. Naandika haya kwa akili timamu.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika kwa sababu mikono nisipoipa kazi itavunja kitu.

Binti ametoka saa mbili kasoro. Kupanda kilima mara moja, kushuka mara moja, kurudi kupumzika kwa ajili ya kesho. Aliniinamia nimbusu paji la uso. Alisema kesho atawapiga wote, atawapiga mpaka waombe maji.

Nikabaki kufagia. Katika kile kifuko cha vikorokoro, ambacho sikukifungua mpaka mwisho — kwa nini nifungue, ninajua baiskeli! — kuna kizibo kirefu cha chuma na mpira, kinachopanuka ukikaza skrubu. Sikukijua. Nilimpigia muuzaji.

Akasema kinaingia ndani ya bomba la foku, pale unapobana usukani, kulishikilia lisipondeke. Kisha akauliza taratibu:

"Mzee... hukugonga kitu humo ndani, sivyo?"

Nikamwambia. Nati ya nyota. Mapigo saba.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema meno yale hukata nyuzi za kaboni, bomba hupasuka kwa ndani, juu usione kitu. Kwenye tambarare linaweza kuvumilia. Lakini anayeshuka kwa kasi, akakamata breki ya mbele kwenye kona, hubaki na usukani mikononi na baiskeli imekwenda njia yake. Akaniuliza mpandaji yuko wapi.

Nikampigia binti. Simu ikanilia hapo hapo mezani.

Jirani mwenye gari ametoka. Mshonaji ana miguu kama yangu. Nilikwenda mpaka barabarani na goti langu hili, na mtu pekee aliyekuwa hapo, akiwa juu ya chombo kinachoweza kukifikia kilima, ni yeye, Bwana Saa.

Aliponiona aliwasha injini, akadhani nimekuja kumalizia. Nikashika kioo chake cha pembeni.

"Foku imepasuka," nikamwambia. "Nimeipasua mimi. Akishuka atakufa."

Alifungua mdomo. Pengo lake lilikuwa jeusi.

"Yuko karibu na kilele sasa," akasema. "Nilimpima alipopita." Kisha: "Unaniomba, Mwalimu?"

"Nakuomba."

"Sikusikia vizuri."

Nilisema tena. Nilisema kwa sauti, mshonaji akiwa langoni anasikia. Nilimwita mwanangu. Angetaka nipige magoti ningepiga.

Hakutaka. Aliniondoa mkono kwenye kioo, kidole kimoja kimoja, na kile cha mwisho alikipinda kwa nyuma mpaka kikalia. Kisha akaondoka, tairi ya nyuma ikinirushia mchanga usoni.

Kidole kimevimba. Naandika kwa shida.

Sasa nafikiri. Barabara ile haina nyumba. Binti yangu yuko peke yake huko juu. Mtu aliyemfumba jicho kwa ajili ya sekunde nne, mtu niliyemvunja jino mbele yake, nimemtuma mimi, kwa mdomo wangu, amfikie. Na binti akimwona nyuma yake hatasimama. Hawezi kujua. Atamkimbia — atashuka kwa nguvu zake zote!

Mungu wangu. Hilo sikuliwaza nilipoomba.

Dakika ishirini na tano tangu aondoke.

Thelathini na moja. Nasikia injini. Ni pikipiki, iko kwenye gia ndogo, inakuja polepole mno. Kutoka dirishani siwezi kujua imebeba mtu mmoja au wawili. Mshonaji amesimama katikati ya barabara, amekinga jua kwa mkono. Nimemwita. Nimemwita tena. Hanijibu, amevua mtandio wake begani na sasa anaanza kukimbia kuielekea pikipiki —