Mvinyo wa Posa ya Daudi

Mount Dennis, Toronto

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi hii ya Juni huko Dodoma? Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa. Barua hii nampa mama mmoja wa kanisani anayekuja likizo, maana nikipiga simu Baba ataweka spika, na haya si ya masikio yake.

Jumamosi tulikwenda Richmond Hill kumposea mwanao Daudi. Ile chupa ya Baba niliyoileta nimeifunga kwenye kanga, nilimkabidhi mwenyewe mkononi. Unajua mila yetu: mvinyo wa posa hutoka shambani kwa baba, na aliyeubeba huonja kwanza mbele ya wakwe na kusema, "Ni wetu, kunyweni." Basi nikaitwa. Daudi akanimiminia kutoka kwenye jagi la kioo.

Mama, niliponusa tu nikajua. Mbao! Vanila, na harufu ya kiatu kipya cha ngozi. Mdomoni laini, mtamu hasa, sikufichi. Lakini Baba ana pipa la mwaloni wapi? Si ana madumu yake ya bluu pale stoo! Nikamtazama Daudi, akanikonyeza. Watu wote wananisubiri mimi. Nikasema, "Ni wetu, kunyweni."

Baba mkwe akasifu, "Mzee ana mkono huyu!" Daudi akashukuru bila haya.

Tuliporudi kwake North York nikakuta chupa ya Kihispania tupu kwenye sinki. Ya Baba iko wazi karibu na jiko, nusu kaungia nyama. "Daudi, ndiyo nini hii?"

"Dada, please. Wa mzee unakwaruza koo. Ulitaka wanicheke?"

Zabibu hizo hizo ndizo zilizomsomesha, Mama! Kamsaliti Baba, na kinywa alichotumia ni changu. Sijaongea naye tangu siku hiyo, na usiniambie nimsamehe.

Nisalimie shangazi na wale mapacha wake, na mjomba anayetulindia shamba.

Najua Baba ameshapigiwa simu, anatamba kijiji kizima. Mwache atambe. Ile nusu niliondoka nayo, nikainywa na ugali mezani kwangu, peke yangu. Unakwaruza kweli. Nikasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kunisikia: "Ni wetu."

Binti yako,
Rehema