Magugu ya Nyuma ya Ofisi

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Mgongo umepoa? Na shemeji, bado anakohoa na kugoma kwenda hospitali? Mimi mzima wa mwili, ila kichwa hakielewi kitu tangu nifike huku kwa binti yetu.

Kwanza nikuringie kidogo: binti yetu ni bosi! Hifadhi nzima iko chini yake, na wanaume wenye ndevu wanamwita mkuu. Si unajua nilivyomtangazia kila mtu kwamba anapanda miti? Basi nimefika, namkuta na msumeno, anaangusha mikaratusi mirefu, imenyooka, mizuri! Nikamuuliza kama ana akili timamu. Akacheka, akasema ile ni miti migeni, inamaliza maji. Anataka msitu wa asili urudi, na pembeni yake uwanda wa nyasi kama zamani. Nikasema haya. Sikuelewa.

Juzi alienda mkutanoni. Nyuma ya ofisi yake nikaona kipande kimejaa majani ovyo ovyo. Aibu gani hiyo, kwa mkuu mzima! Nikainama, nikang'oa yote, nikatupa shimoni, nikafagia mpaka pakang'aa.

Aliporudi, alikaa chini palepale. Kumbe ndizo nyasi zenyewe za asili, mbegu zake kaziokota mwenyewe porini, punje kwa punje. Akamgeukia mlinzi wa ofisi, mzee wa watu, akasema amemkataza kufyeka mara ngapi, sasa akusanye vitu vyake aende. Mdogo wangu, yule mzee aliniona waziwazi nikiinama. Lakini hakunitaja, kwa kunistahi. Nikasema ni mimi.

Nilidhani atanifokea. Aliuliza tu nimezitupa wapi. Tukakimbilia shimoni, mizizi ilikuwa bado na unyevu, tukapiga magoti wote watatu tukazirudisha ardhini. Mlinzi akasema bimkubwa akipewa wiki moja hapa, hifadhi itakuwa uwanja wa mpira.

Binti alinifuata nyuma aking'oa baadhi ya nilizopanda. Eti hayo ndiyo magugu kweli. Nimeyashika hili mkono huu, hili mkono huu, nimeyageuza, nimeyanusa. Sioni tofauti. Ameniambia nisiguse jani lolote bila kumwita.

Msalimie shemeji na watoto. Majirani waambie tu kwamba mkuu ameniajiri.

Dada yako akupendaye,
Mama wa Mkuu