Koti la Manjano Lilipogeuza Mgongo

Mpendwa mshauri Mama Bolumbu,

Naomba msaada, ingawa hapa kwetu Ngiri-Ngiri kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, na nikikutajia cheo changu utaelewa kwa nini barua hii naiandika nikiwa nimejifungia chooni, maana Rais wa Mashabiki wa Sando Mopepe hawezi kuonekana akililia magazetini. Shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu wa Teki Ndombasi, na mimi siwezi kufundishwa na mtu asiye na masikio, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya, isogeze kimyakimya, usinicheke.

Wewe ni mtu wa Kinshasa, unajua mji huu una kambi mbili, wengine wote ni watazamaji. Sisi ni wa Sando, anayeimba hadi mishipa ya shingo inatoka kama kamba za kuanikia. Wao ni wa Teki, ambaye sisi tunasema hufunguliwa kanda nyuma ya jukwaa naye akachezesha midomo kama samaki aliyetolewa majini. Kila asubuhi tunakutana pale mzungukoni kwa mama muuza magazeti, sisi wabunge wa kusimama, tunasoma vichwa vya habari bure na kubishana: nani alijaza uwanja, nani aliumwaga, nani ameimba kwa koo lake na nani kwa koo la mashine. Pale hakuna anayenishinda mdomo ila Kapinga, muuza kuku, mtu wa Teki, ambaye ukimwambia uwanja ulijaa anakuuliza ulijaa watu au ulijaa kaka zako.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Ya Matondo, "Ya" ndivyo tunavyomwita mkubwa, ni kaka yangu wa tumbo moja, naye anaimba kwenye okestra ya Teki. Ndiyo, cheka umalize. Miaka yote hiyo amesimama mstari wa nyuma, mwitikiaji, anayeimba "eee" bosi anapofuta jasho, na nyumbani ulikuwa utani tu, mimi namwita msaliti, yeye ananiita Mheshimiwa Mdomo, mama anatukatia kwanga ya muhogo na tunakula sahani moja. Papa, baba yetu, ambaye alikuwa seremala, alitufia mwaka jana, naye alikuwa na wimbo wake mmoja wa Kikongo, aliutunga mwenyewe, unausema ubao uliokataa kunyooka, na aliuimba akipiga randa, sauti inapanda randa inapokwenda, inashuka inaporudi. Ya Matondo anaujua wote. Mimi najua vipande. Mama bado amevaa nyeusi, na matanga ya Papa yanaanuliwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na tangu mwanzo mama alisema siku hiyo Matondo ataimba wimbo wa baba yake, ndipo yeye atavua.

Likaja tamasha kubwa, lile la mwezi wa saba, ambapo kambi zote mbili ziliwekwa jioni moja uwanja mmoja, sijui ni akili ya nani. Wewe unajua desturi, lakini wasomaji wako wengine ni watu wa kanisani tu, acha niwaeleze: adui yako akipanda jukwaani, kambi yenye heshima zake inageuza mgongo na kutoka, polepole, kifua mbele, na hakuna kuangalia nyuma, anayeangalia nyuma si mwenzetu. Ishara niliipanga mwenyewe, kwamba yule mpiga kelele wa okestra yao, anayepayuka kuwachangamsha watu, akilitaja tu jina la Teki, tunatoka. Na nilikuwa nimependeza, Mama Bolumbu, hilo liandike kwa herufi nene, nilivaa koti la manjano la Papa, alilolivaa siku ya harusi yake, manjano ndiyo rangi ya kambi yetu, mama alinipa akaniambia nisilirudishe na harufu ya bia.

Asubuhi ile Ya Matondo alinikuta nalipiga koti pasi, akasimama mlangoni, akaniambia, "Leki, leo usitoke mapema. Hata wimbo mmoja tu, kaa."

Leki ni mdogo mtu, lakini akilisema yeye linakuwa kama kofi la mapenzi. Nikamjibu kwamba bosi wake kama anataka watu wakae, awafunge kamba. Akacheka kidogo, akaenda zake. Mimi nilidhani anamwombea Teki.

Basi Sando akaimba, tukapiga kelele hadi sauti zikaisha, wakaingia wao, mpiga kelele akapayuka, "Teki Ndombasi, baba wa yatima," na mimi nikanyanyuka. Watu wangu walikuwa wa kujaza mabasi mawili tu, lakini umati una akili ya mbuzi, mmoja akiruka mtaro wote wanaruka, huku wakadhani mageti yanafungwa, kule wakasikia kuna bia ya bure barabarani, na mwanamke mmoja alinipita mbio na kiti cha plastiki kichwani akiuliza moto uko wapi. Uwanja ukamwagika hadi zikabaki nyasi na vikombe. Nisikufiche, ilikuwa tamu. Kesho yake kila simu ina video, imepigwa kutoka jukwaani, inaonyesha migongo, na mbele ya migongo yote koti la manjano linatembea kama bwana harusi. Hapo ndipo nilipopewa urais, zamani nilikuwa katibu tu.

Ila Teki hakuwepo jukwaani. Alikuwa bado ndani ya gari anapakwa poda, wakubwa huja mwisho, jina lao hutangulizwa ili kufungua shughuli, na hilo hata mtoto wa Kinshasa anayenyonya analijua, na mimi nililijua, nilikuwa na haraka tu ya kutoka vizuri. Aliyekuwa mbele ya maiki alikuwa Ya Matondo, peke yake, mara ya kwanza maishani mwake, bosi alikuwa amemwachia ufunguzi, naye aliomba vyombo vyote vizimwe, akauimba wimbo wa Papa. Alitaka mama akisimuliwa, kabla ya matanga, asikie kwamba mji mzima umeusikia. Na alichokiona kutoka kule juu ni koti la Papa likimpa mgongo.

Asubuhi yake nilimkuta bombani ananawa uso. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Ulinisikia?"

Nikamwambia kelele zilikuwa nyingi.

"Vyombo vilizimwa, leki," akasema. "Niliimba kavu." Akaendelea kunawa, ananawa tu, uso ule ule.

Hapo mambo yangekwisha. Lakini nilipofika mzungukoni Kapinga alikuwa ameshapanda juu ya tenga lake la kuku, anasema sisi ni washenzi, tumemwachia nyasi kijana anayemwimbia baba yake marehemu, kwa koo lake, bila hata gitaa, na wabunge wakaanza kutikisa vichwa upande wake, hata wa kwetu wawili watatu. Ilibidi niseme kitu. Nikasema ile ilikuwa kanda. Nikasema hakuna mwitikiaji wa Teki mwenye koo la namna ile, wamerekodi chumbani, wakafungulia. Watu wakacheka, mambo yakaanza kurudi kwangu. Kapinga akaniuliza, "Rais, yule si kaka yako?" Nikamjibu kwamba kaka yangu ni midomo, sauti ni ya mashine. Walinibeba begani.

Kabla ya chakula cha mchana maneno yalikuwa yamemfikia. Ya Matondo akachukua begi lake, sasa analala Bandal pale wanapofanyia mazoezi, na Teki, nasikia, amemrudisha mstari wa nyuma, anasema ana mkosi. Mama alipomfuata kumkumbusha Jumamosi, akamwambia wimbo ule ameshauimba, watu wakaondoka, na walioondoka wamesema si yeye aliyeimba, kwa hiyo wamtafute huyo aliyeimba. Mama amelifua koti, amelianika mbele ya mlango wangu, na limekauka siku nyingi, haliondoi. Kaniambia jambo moja tu: "Bila wimbo ule mimi nyeusi sivui. Nitazikwa nayo."

Sasa nisaidie, wewe unayejua kuwalainisha watu. Nifanyeje Ya Matondo aje aimbe Jumamosi, bila mimi kwenda mzungukoni kusema nilidanganya? Maana nikilisema lile, kambi nzima imekufa, na Kapinga atanenepa. Andika kitu cha kumchoma huyo kaka mtu, umwambie mkubwa hanuni, gazeti lako analisoma. Na usiniambie niombe msamaha, hilo hata shangazi yangu angeniambia bila stempu.

Ni mimi,
Rais, Ngiri-Ngiri.

Halafu, kitu kimoja. Pale getini nilimsikia. Nilimjua tangu neno la kwanza, na wimbo niliujua. Vijana walikuwa wananitazama kama nitageuka. Sikugeuka. Hili usilichapishe.

* * *

Mama Bolumbu anajibu:

Rais,

Uliniomba nisiuchapishe mkia wa barua yako. Nimeuchapisha. Katika kurasa zote ulizonijazia, hapo tu ndipo hukuwa unatafuta makofi. Jina lako nimelificha. Koti siwezi kulificha, mji umeshaliona.

Pole kwa kufiwa na baba. Nasema kweli. Mtoto aliyefiwa hutafuta mahali penye kelele ili asisikie nyumba ilivyonyamaza, na wewe ulipapata. Kwa hilo sikulaumu. Hata kule kutoka uwanjani, ungenililia kwamba hukujua, ningekutetea, maana mimi mwenyewe nilikuwa pale na niliondoka. Nilishikwa mkono na mjukuu wangu akisema mageti yanafungwa, nikafuata migongo kama mbuzi uliyemtaja. Nilisikia sauti nyuma yangu, nikasema moyoni, huyu anaimba vizuri, na nikaendelea kutembea. Kwa hiyo tuko wengi. Lakini sisi wengine hatukwenda kesho yake kumwambia mtu kwamba koo lake si lake. Kumwachia mwimbaji nyasi ni ushabiki wa kijinga, umri utauponya. Kumnyang'anya sauti kwa sababu muuza kuku alikuwa anakushinda maneno, huo si ujinga. Ulijua unachofanya, na ulifanya kwa kubebwa begani.

Unataka nimwambie kaka yako kwamba mkubwa hanuni. Simwambii. Mkubwa alikuomba wimbo mmoja tu, mlangoni, kwa upole, wewe ukiwa na pasi mkononi. Unaniuliza namna ya kumfanya aimbe. Huna namna. Aliyeimbia nyasi haombwi kurudia na yule aliyemwachia hizo nyasi.

Sasa fanya hivi. Chukua koti kwenye kamba. Mama yako haliondoi kwa sababu anakungoja wewe uliondoe. Livae. Nenda mzungukoni saa ile wabunge wamejaa, si alfajiri ukakutana na mfagiaji. Kwanza nunua gazeti, maana huyo mama mnayemsomea bure naye ana watoto. Kisha sema: aliimba kwa koo lake, vyombo vilizimwa, nilimsikia. Basi. Ukihisi neno "lakini" linapanda kooni, limeze. Kapinga atacheka, mwache amalize. Vijana wako watakuvua urais, nao wape. Cheo ulichopewa kwa mgongo wa kaka yako hukitaki, hata kama leo bado kinakuwasha.

Ukitoka hapo, nenda Bandal kwa miguu yako. Usimpeleke mama, usimpeleke mchungaji, wala usibebe chupa. Mwambie umesema nini na umesemea wapi, kisha umtajie saa ya matanga. Neno kuimba lisikutoke. Akikufungia mlango, sema ukiwa nje, na uondoke.

Jumamosi wimbo utauimba wewe. Najua unajua vipande. Utaimba vipande. Najua sauti yako imechakaa kwa ubishi. Marehemu aliimba huku anapiga randa, hatadai ulaini. Utasimama ndani ya koti lile, kavu, hakuna gitaa, mbele ya mama yako. Na wale vijana wa mabasi mawili uwaalike wote, uwaambie wazi kwamba mtu akitaka kutoka atoke. Baadhi watatoka, nakuhakikishia, kwa sababu utaimba vibaya. Usifumbe macho. Itazame ile migongo mmoja mmoja mpaka ifike getini, ujue kaka yako aliona nini.

Huenda mama yako asivue siku hiyo. Ni nguo yake na mume alikuwa wake, usimharakishe.

Kaka yako akija akaupokea wimbo mahali ulipokwama, wewe nyamaza, rudi nyuma, uitikie "eee". Mstari wa nyuma haujamuua mtu. Yeye ameishi huko miaka.

Na akija, akasikiliza kidogo, akanyanyuka, akageuza mgongo, usimwite. Maliza wimbo.